Kumsikia Baba Majini

Tangazo nililiona kwanza kwenye nguzo ya umeme karibu na stendi, pale Nyamagana, limebandikwa juu ya tangazo la mganga. Lilisema kila Jumamosi jioni kuna chombo kinaondoka gatini kuzunguka ziwa, chakula cha jioni humohumo, bendi, ngoma za asili, vinywaji vya kila aina, na kurudi saa tatu. Chini, kwa herufi kubwa, waliandika: WAHI NAFASI YAKO. Nilisoma nikacheka peke yangu. Sisi watu wa Mwanza ziwa tunaliona bure tangu tuzaliwe, tunachota, tunafulia, tunaoga, halafu leo mtu anatuambia tulipie kulizunguka na kurudi palepale tulipoanzia.

Lakini miaka ile ya tisini mwanzoni hakuna kilichokuwa cha ajabu kwa muda mrefu. Ilikuwa enzi za ruksa. Soda za makopo, mabanda ya video, mitumba ya kila rangi, viwanda vya minofu ya sangara vinaota ufukweni, wazungu wa kutafuta dhahabu wanajaza hoteli. Ajali ya meli ilikuwa bado haijatokea, na watu walikuwa bado hawalitazami ziwa kwa jicho la msiba. Mwenye chombo kile alikuwa mtu wa biashara ya samaki. Alinunua boti kuukuu iliyokuwa ikileta ndizi na machungwa kutoka visiwani, akaipaka rangi nyeupe, akafunga taa na jenereta, akapanga meza.

Mstari wa bendi ndio ambao sikuucheka. Bendi iliyotajwa pale ilikuwa ya baba yangu. Hakuimiliki, alikuwa mpuliza tarumbeta wake. Tangu nipate akili, baba alikuwa na kazi mbili: siku za kazi kiwanda cha nguo, mwisho wa wiki bendi ya kiwanda hichohicho. Zamani mashirika ya umma yalikuwa na bendi kama yalivyokuwa na timu za mpira. Kiwanda kilipoyumba mpaka kikasimama, wafanyakazi walilipwa kwa vitu vilivyokuwamo. Wenzake waliondoka na majora ya vitenge mabegani. Baba akaomba tarumbeta, na bendi ikaendelea bila kiwanda. Mama alimpokea mlangoni, akakipangusa vumbi kikasha cha tarumbeta, akakipandisha juu ya kabati, na hakusema neno.

Kutosema neno kwa mama lilikuwa jambo kubwa, maana mama alikuwa mtu wa kanisa kwelikweli. Aliongoza kwaya ya akina mama. Na katika kanisa letu dansi lilikuwa dhambi iliyotajwa kwa jina, pamoja na pombe na kwenda kwa waganga. Aliyecheza dansi, au aliyepiga ili wengine wacheze, alitengwa. Kutengwa si kufukuzwa. Unaingia ibadani, unakaa benchi la nyuma, lakini meza ya Bwana inakupita, huimbi kwaya, huombi mbele za watu, na ukifa mchungaji hasimami kaburini kwako. Majirani watachimba, watalia, watakufukia, ibada hakuna. Ukitaka kurudi, unasimama mbele ya kanisa zima, unaulizwa kama unajuta, unajibu kwa kinywa chako mwenyewe.

Baba alitengwa kabla mimi sijaanza shule. Na kila Jumapili alikuja. Walitoka nyumbani pamoja, yeye na mama, wakaagana mlangoni pa kanisa kama watu wanaopanda mabasi mawili tofauti. Mama alikwenda mbele kuimba, baba akakaa nyuma na walevi wawili watatu na yule mama aliyeolewa ukewenza. Nyumbani tarumbeta halikupulizwa hata siku moja. Mama hakukataza, baba mwenyewe aliona si heshima. Kwa hiyo watoto tulikua, tukasoma, tukaanza kazi, na mama yetu hakuwahi kumsikia mume wake akifanya kitu ambacho mji mzima ulimjulia.

Kisha kifua cha baba kikaanza. Kikohozi cha vumbi la pamba alikuwa nacho siku nyingi, lakini sasa kilimkamata hata akifunga kamba za viatu. Daktari alimwambia waziwazi kwamba tarumbeta na yeye basi, na kwamba hata bila tarumbeta asipange mambo ya mbali. Mama alirudi naye kutoka hospitali, akamkalisha sebuleni, akamvua viatu. Nilikuwepo.

"Sasa utubu, baba watoto," alisema. "Sitaki kukuzika kimyakimya."

Alisema hivyo bila kulia, kama mtu anayetaja kitu kilichopungua jikoni. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwa miaka yote ile mama alikuwa na hofu moja tu, nayo ni siku ile ya kaburi lisilo na mchungaji.

Baba akakubali. Nilishangaa alivyokubali upesi. Alisema amewaahidi wenye chombo mpaka mwisho wa mwezi, apige hizo Jumamosi zilizobaki, halafu Jumapili inayofuata asimame kanisani.

"Nitasimama, mama watoto. Nitasema yote wanayotaka niseme. Ila Jumamosi ya mwisho njoo unisikie. Mara moja tu."

Mama alikuwa ameshachukua ungo, anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Baa siingii."

"Si baa. Ni chombo cha majini."

"Kinauza pombe?"

"Kinauza na soda."

"Basi ni baa inayoelea."

Mimi nilicheka, wao hawakucheka. Mama aliendelea kuchambua mchele ambao ulikuwa umeshakuwa safi, na baba akabaki anamtazama mikono.

Kazi ya kuamua ikaniangukia mimi, mtoto wa kwanza, karani wa ofisi, mwenye mshahara. Mdogo wangu alikuwa na banda la mitumba pale njia panda ya Usagara, akaja Jumapili kutoa maoni yake ya kibiashara. Kwa bei ile, alisema, tunanunua mbuzi, tunakula ukoo mzima, na baba anapiga hapahapa sebuleni. Mama afumbe macho ajifanye yuko majini. Si kwamba alikosea hesabu. Nilimuuliza baba kama watu wa bendi hawana nafasi za bure za ndugu zao. Akasema zipo, lakini ni za kusimama huko nyuma karibu na jenereta, na wapigaji wanakula baada ya wageni kushiba.

"Nataka akae mezani," baba alisema. "Aletewe chakula na mtu aliyevaa tai. Asikie akiwa amekaa."

Basi siku ya pili baada ya kazi nikaenda kwenye duka lililokuwa linakata tiketi, duka la kanda za video na mafuta ya nywele. Binti wa kaunta alinikaribisha kwa sauti ya redioni. Nilimbana maswali kama polisi. Chakula ni nini? Sangara, kuku, wali, chipsi, matunda. Kinaletwa au mtu anajipakulia? Kinaletwa. Meza za karibu na bendi zipo? Zipo, dada, lakini wahi. Maboya ya kujiokolea? Yapo. Yanawatosha wote? Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa kama mchele una mawe, akasema chombo hakijawahi kupata shida. Na burudani? "Burudani mwanzo mwisho," akasema, "kuna bendi, kuna ngoma, kuna wale wa chatu. Wageni wanaipenda sana ile tarumbeta." Hakujua anamwambia nani. Nikamwambia nitarudi.

Sikuwa na uhakika kama nitarudi. Kwangu mimi bei haikuwa ile ya kwenye tiketi. Kama mama angepanda kile chombo na habari zikafika kwa wazee wa kanisa, angetengwa. Angevuliwa kwaya. Yaani tungemrudisha baba ndani kwa mlango mmoja na kumtoa mama kwa mwingine. Kwa jioni moja? Kwa nyimbo chache na samaki wa kukaanga? Nilikasirika na kila mtu: na kanisa, na daktari, na baba kwa kuomba kitu kikubwa hivyo kwa sauti ndogo hivyo. Nilikasirika na mama zaidi, kwa sababu nilimwona akipiga pasi gauni lake la Jumapili siku ya Jumanne.

Kisha mama akafanya jambo ambalo watu wa kanisa letu tu ndio wangelifanya. Mtu mwingine angekwenda kimya, akirudi angetubu, mambo yakaisha. Mama alikwenda kuomba ruhusa. Alijitanda kitenge, akanishika mkono, tukapanda mpaka nyumba ya tatu kutoka kwetu, kwa mzee wa kanisa. Tukamwamkia, tukapewa viti, mama akamweleza kila kitu: kifua, kutubu, Jumamosi, chombo, bendi, pombe. Hakuficha hata chatu.

Mzee alikuwa mtu mwema, na nilimwona akihangaika kumtafutia njia.

"Chakula si dhambi," alisema mwisho. "Kupanda chombo si dhambi, hata Bwana alipanda. Muziki ukipigwa mbele yako, wewe hukuuita. Lakini usicheze, mama. Usipige makofi. Hata kichwa usitikise. Mikono yako iwe mapajani, ule, ushuke. Ukifanya hivyo, kwenye kikao mimi nitakutetea."

Mama akamshukuru kama aliyepewa dawa. Njiani aliirudia ile amri kwa sauti, kula, kushuka, mikono mapajani, na kesho yake nikarudi dukani nikakata nafasi mbili. Meza ya karibu na bendi.

Jumamosi ile mama alivaa gauni lilelile la Jumapili na kitenge mabegani kwa ajili ya upepo. Gatini tulipokelewa na kijana mwenye tai aliyemwita "madam," na mama akageuka kutazama huyo madam ni nani. Meza zilijaa. Wazungu wa dhahabu wenye shingo nyekundu, wenye viwanda vya samaki na familia zao, wafanyabiashara wanawake wa vitenge waliopambwa mpaka kwenye nyusi, mkubwa mmoja wa serikali aliyekula huku anatazama nyuma. Chombo kikajitoa taratibu. Jua lilikuwa linashuka upande wa Sengerema na yale mawe makubwa ya ufukweni yakawa meusi. Nakiri palikuwa pazuri. Nilikuwa nimejiandaa kupadharau, ikanishinda.

Chakula kililetwa. Mama alionja sangara, akasema kwa sauti ya chini kwamba samaki huyu wamemvua ngozi na ladha wamemvua pia. Wacheza chatu wakaja, vijana wa Kisukuma kama wa kijijini kwake mama, kamera za wageni zikawaka, na mama aliwatazama kwa masikitiko kidogo kwa sababu walifupisha ngoma ili iingie kati ya supu na kuku. Feri ya Kamanga ikatupita inarudi mjini, watu wamesimama katikati ya baiskeli na matenga ya dagaa, wakatupungia mikono. Mama akawapungia pia. Kisha akakumbuka, akarudisha mikono mapajani.

Bendi ikaanza. Baba alikuwa amevaa shati jeupe na tai, amenyolewa vizuri, amekaa kwenye kiti kwa sababu ya kifua. Wimbo wa kwanza hakutazama upande wetu kabisa. Tarumbeta lilipoingia, ile sauti nyembamba iliyonyooka juu ya magitaa, mama alishtuka kama aliyeitwa jina. Hakutikisa kichwa. Alikaa wima, mikono mapajani, na macho yake yakaanza kujaa.

"Hivi ndivyo alivyokuwa akifanya?" aliniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Miaka yote?"

"Miaka yote."

Niliacha kula. Nilikuwa nimemsikia baba mara nyingi kwenye sherehe za wafanyakazi, nilijua anapiga vizuri, lakini sikuwa nimewahi kumsikia akimpigia mtu. Tofauti ilikuwepo hata kwa sikio langu la karani. Kila wimbo alikuwa na mahali pake pa kuingia, na kila alipoingia ilikuwa kama anamweleza mama habari za siku moja ambayo mama hakuwepo.

Wale wafanyabiashara wa vitenge wakaanza kutunza. Mmoja alikwenda akicheza, akambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso, mwingine akamfuata. Mezani kwa wageni wakapiga makofi. Wimbo wa nne au wa tano, kikohozi kikamshika baba katikati. Alishusha tarumbeta, akainama, mabega yakawa yanaruka. Magitaa yaliendelea, yakazunguka palepale kumngoja. Mzungu mmoja alidhani ni mchezo, akacheka. Nilitaka kumtupia sahani. Mama hakusogea, ila vidole vyake vilikuwa vimekamata kitambaa cha meza na glasi ikaanza kuteleza.

Baba akajifuta mdomo. Akasimama. Jioni nzima alikuwa amekaa, sasa akasimama, akatutazama kwa mara ya kwanza, akaweka tarumbeta mdomoni. Sijui pumzi ile aliitoa wapi. Alipiga sauti moja ndefu, akaikunja, akaipandisha, na watu wa meza zote wakanyamaza, hata yule aliyecheka.

Mama akasimama pia. Alivua kitenge mabegani, akakitandaza mikononi, akaanza kwenda. Hatua za kwanza zilikuwa za kutembea, hilo naweza kuapa. Kisha ngoma ikamkuta njiani. Mabega yalianza kabla ya miguu. Mama yangu, mwongozaji wa kwaya, mwenye magoti mabovu, alikwenda kwa mume wake akicheza kama walivyocheza wasichana wa kwao kwenye mavuno, chini kidogo, pole pole, bila aibu hata chembe, na alipomfikia akamzungushia kile kitenge mabegani, akabaki anacheza mbele yake mpaka pumzi ya baba ikaisha. Mmoja wa wale wafanyabiashara wa nyusi alipiga kigelegele. Mimi nililia hadharani, nikajifuta kwa kitambaa cha mezani cha watu.

Usiku ule baba alilala na kile kitenge.

Asubuhi ilikuwa Jumapili ya kutubu. Kabla ya ibada mama alimfuata mzee wa kanisa pale kwenye ngazi, akamwambia, "Mzee, lile sharti lako sikulishika." Mzee akafumba macho. Ndani, mama alikaa na kwaya yake, na zamu ilipofika baba akaitwa mbele. Mchungaji akamuuliza kama anajuta miaka yake ya dansi. Baba alisimama ameshika kiti. Akasema anajuta. Alisema kwa sauti inayosikika, akiangalia sakafu, na kanisa likaripuka kwa vigelegele. Mimi sikupiga. Nilijua anachokisema ni nauli, anamlipia mama ile siku ya kaburi, na sidhani kama Mungu hakujua.

Baada ya ibada kikao cha wazee kikamwita mama. Nikaingia naye kama shahidi. Baba alikaa nje kwenye benchi la barazani, mlango ulikuwa wazi. Mzee wetu alifanya kama alivyoahidi, alimtetea. Alisema mama hakuagiza pombe, hakukaa na walevi, alikwenda kwa ajili ya mgonjwa. Mchungaji, ambaye hakuwa mtu mkali, akaegemea mbele.

"Mama, ulisimama kumpelekea mzee wako nguo ajifunike. Upepo ulikuwepo. Ulikuwa unatembea, sivyo?"

Wote tulijua swali lile limetengenezwa vipi. Lilihitaji "ndiyo" moja tu. Mzee wetu alikuwa tayari anatikisa kichwa kumsaidia kukubali. Nilimkanyaga mama mguu kidogo chini ya meza.

"Nilicheza, mchungaji," mama akasema.

Mchungaji akasugua paji la uso.

"Basi ni sawa, mtu huteleza. Unajuta?"

Mama alifikiri. Hakuwa anaringa, alifikiri kweli, kama anayetafuta kitu kwenye mkoba ambacho alidhani kimo.

"Bado," akajibu.

"Bado?"

"Bado sijajuta, mchungaji. Nikisema najuta nitakuwa nimedanganya mbele yenu. Nikijuta nitakuja mwenyewe kuwaambia."

Walimtenga. Wangefanya nini? Alivua sare ya kwaya, akaikunja, akamkabidhi msaidizi wake. Nje baba alikuwa amesikia kila kitu. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, machozi yanamtoka, na alipopata pumzi akamwambia, "Mama watoto, umeniingiza ndani, halafu wewe ukatoka." Mama akamshika mkono, tukashuka nyumbani. Mdogo wangu alipopata habari aliniambia ile tiketi ilikuwa ghali kuliko nilivyodhani, na nikamkatia ile simu aliyonipigia ofisini.

Kuanzia hapo wakaagana mlangoni kama zamani, ila mabasi wakawa wamebadilishana. Baba alikaa mbele na wazee wenzake, na kila baada ya wimbo aligeuza shingo kutazama nyuma. Meza ya Bwana ilipopita, mchungaji alimuuliza mama kwa macho kama ameshajuta, na mama alitikisa kichwa kukataa. Ilimuuma. Asije mtu akadhani haikumuuma. Kuimba kulikuwa maisha yake, na nilimkuta zaidi ya mara moja jikoni akiimba sauti ya pili ya wimbo wa kwaya, anaacha nafasi tupu mahali ambapo sauti ya kwanza ilipaswa kuwa.

Baba alikufa mvua za vuli zilipoanza. Alizikwa kama mama alivyotaka. Mchungaji alisimama kaburini na joho lake, akasoma, akaomba, akatupa udongo mara tatu. Kanisa lote lilikuja. Wapigaji wa bendi walisimama kando karibu na uzio, mikono mitupu, wamevaa mashati meupe. Kwaya ya akina mama iliimba, na mama hakuruhusiwa kuimba nayo. Alisimama upande wetu wafiwa, midomo imefungwa, anasikiliza wenzake wakipoteza sauti kwenye ubeti wa tatu ambao yeye ndiye angewavusha. Nilidhani atavunjika pale. Hakuvunjika. Alitazama mpaka koleo la mwisho.

Jioni, watu wakiwa wanaosha masufuria uani, nilimkuta peke yake chumbani, amekaa kitandani upande wa baba. Nikakaa karibu naye. Nilikuwa nimebeba swali lile tangu siku ya kikao, na nilihisi nisipouliza siku ile sitauliza tena. Mimi ndiye niliyekata tiketi. Nikamuuliza kama ilistahili: ile jioni moja, kwa kwaya, kwa meza ya Bwana, kwa kusimama leo kaburini mdomo umefungwa.

Mama alininyooshea kitambaa changu cha kichwani kilichokuwa kimeteleza.

"Mngenipeleka mapema," akasema.